Mikebe Mitatu Mbele ya Wakwe

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Anko Kimeu, kwa sababu yeye akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi, kina aibu yake ya kutosha. Mimi Kioko, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mkataji wa vitambaa katika kiwanda cha nguo kule EPZ Athi River, mtoto wa familia ambayo Krismasi hunywa chai ya maziwa na wakizidisha sana ni soda, nililewa siku ya kupeleka mbuzi kwa kina Mwende. Si kulewa kwa kusingiziwa. Nililewa kabisa, saa nane mchana, jua likiwaka, mbele ya baba mkwe na ndugu zake wote na mtu mmoja ambaye kwa desturi yetu Wakamba sikupaswa hata kumkaribia. Chekeni tu, hata mimi sasa hivi ninacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa wale ambao si wa kwetu, siku hiyo inaitwa ntheo. Unapeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, na pombe ya wazee, na kabla hujafanya hivyo, hata kama mnaishi pamoja na mna watoto wanne wanaosoma, kwa wazee huyo bado si mke wako, ni rafiki tu. Kwa hiyo mimi na Mwende tulikuwa marafiki tu kwa miaka mitatu, na nilikuwa nimechoka na urafiki.

Mwende anauza dawa katika duka moja mjini Machakos. Kwao ni Mumbuni, nyumba ya mawe, geti la chuma, veranda ya vigae, baba yake Mzee Mutiso ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anavaa tai akienda kununua mkate. Kwetu ni Masinga, mahindi ya mvua, ng'ombe wawili, na baba yangu marehemu hakuwahi kuvaa tai hata kanisani. Mnaona pale nilipoanza kujitia wasiwasi usiokuwa na maana.

Jambo lingine mlijue mapema, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nililia. Kaka yake Mwende, yule mkubwa, pombe ilimtoa kazini, ikamtoa kwa mke wake, na siku hizi akipatikana ni kwa kuokotwa. Siku ya kwanza nilipomwambia Mwende kwamba mimi sinywi, aliniuliza mara tatu. Mara ya nne aliuliza kama sinywi kwa sababu ya dawa au kwa sababu sitaki, nikasema sitaki tu, na nafikiri ni hapo ndipo alipoanza kunipenda, ingawa yeye husema ni baadaye sana.

Sasa, Anko Kimeu (ndugu mdogo wa baba yangu, ndiye msemaji wa familia, mdomo wake haulali) alikuwa amepanga kila kitu. Shangazi mmoja kule Masinga angepika kaluvu, ile pombe yetu ya asali, mtungi mmoja wa plastiki wa lita ishirini, na juu yake tungeongeza kreti mbili za bia ya kawaida. "Hiyo imetosha," akasema. "Wazee wakiona asali watalainika." Lakini mimi nilipouona ule mtungi akilini mwangu, wa manjano, umefungwa kwa karatasi ya nailoni na raba, ukiwekwa juu ya vile vigae, niliona haya. Niliona haya kwa sababu ya mtungi, jamani. Nikampigia shangazi nikamwambia asijisumbue.

Ijumaa nikaingia kwenye supermarket moja mjini, nikaenda upande wa pombe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikitembea kama mtu anayetafuta choo. Hapo palikuwa na msichana amevaa aproni nyeusi, ana meza ndogo na vikombe vidogo vya plastiki, anaonjesha watu bia mpya. Mikebe ilikuwa mizuri ajabu, ya rangi ya chungwa, imechorwa twiga amevaa miwani.

"Hii ni IPA," akaniambia. "Lakini si zile kali. Hii ni laini, inateremka tu. Hata mtu hakunywi atakunywa. Unaskia machungwa, unaskia embe."

"Nani anaitengeneza?"

"Ni vijana wawili tu. Walianza na sufuria kwa gereji. Si kampuni kubwa."

Akaninyooshea kikombe. Na hapa ndipo ulipo uamuzi wenyewe, ule mdogo, ambao ningeurudisha kama maisha yangekuwa na rivasi. Nikasema, "Hapana, asante, mimi sinywi." Halafu nikanunua mikebe arobaini na minane. Mtu anakataa kuonja kitu, kisha anakinunua awape wazee ambao ameenda kuwaomba binti. Hata mbuzi hafanyi hivyo, mbuzi hunusa kwanza.

Jumamosi tukafika Mumbuni na pikapu, mbuzi nyuma, katoni za bia pia nyuma, na mbuzi mmoja njia nzima alikuwa amelalia katoni hizo kwa raha zake. Nilikuwa sijala tangu jana yake kwa ajili ya wasiwasi. Wazee walikuwa wameketi kwenye veranda: Mzee Mutiso katikati na tai yake, na kando yake ndugu yake mkubwa, Mzee Nzioka, mtu mrefu, mkavu, macho ya kuchungulia, aliyeendesha lori maisha yake yote mpaka akastaafu. Wanawake walikuwa ndani, dirisha wazi, na nilijua Mwende yuko nyuma ya pazia kwa sababu pazia lilikuwa linapumua.

Anko Kimeu alizungumza vizuri sana, mbuzi wakakaguliwa, meno yao yakatazamwa, wakakubaliwa. Kisha zikaletwa zile katoni, na Anko akakohoa kidogo kwa sababu yeye alikuwa akitarajia asali. Mzee Nzioka akaushika mkebe mmoja, akamgeuza yule twiga huku na huku.

"Hii ni nini?"

Nilipaswa kumwachia Anko ajibu. Desturi ni hiyo, bwana harusi hukaa kimya kama picha. Lakini nilikuwa nimejivunia mikebe yangu, nikasimama. Nikawaambia hii ni IPA, bia ya kisasa, haipikwi na kampuni kubwa, ni vijana wawili na sufuria yao, wanapika kwa mikono, kidogo kidogo, na nimeichagua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa heshima ya nyumba hii. Sauti yangu ilikuwa ya mtangazaji wa redio.

"Kumbe wewe ni mnywaji," akasema Mzee Nzioka, na niliona amefurahi.

Pazia likaacha kupumua. Na mimi, kwa kuwa yule mzee alikuwa amefurahi na nilitaka aendelee kufurahi, nikasema, "Kidogo kidogo tu, mzee. Wikendi."

Jamani, uongo hauna mguu lakini hukimbia. Mzee Nzioka akanirudishia mkebe. "Basi onja."

Sasa mjue, kwa wazee wengi wa kwetu pombe ya ugeni haianzwi na mwenyeji. Aliyeileta ndiye huonja kwanza, wote wakimwona, ili ijulikane hakuna kitu kimetiwa ndani. Nyinyi mnajua sifa zetu Wakamba, dunia nzima inatuogopa kwa madawa ya kurogea, lakini niwaambie ukweli, hakuna anayemwogopa Mkamba kama Mkamba mwenzake. Mimi sikuwa nimeiona desturi hiyo kwa macho kwa sababu kwetu huonjwa soda, na soda haina mashaka. Anko Kimeu akajitokeza haraka, "Nitaonja mimi, mimi ndiye mkubwa."

"Si wewe," akasema Mzee Nzioka. "Kijana amesema amechagua na mkono yake. Mkono hiyo ndiyo itaonja."

Nikafungua. Mkebe ule ulikuwa umetikiswa na barabara, ukapashwa moto na tumbo la mbuzi, na ulipofunguka povu lilitoka kwa hasira, likapita juu ya meza, likatua kwenye tai ya Mzee Mutiso. Alitoa leso akaanza kujipangusa polepole, kiualimu. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikaweka mkebe mdomoni nikapiga funda kubwa, funda la mtu wa wikendi.

Lo. Nani alisema embe? Ilikuwa chungu kama mwarobaini uliochemshwa ukalazwa. (Baadaye nimeelezwa kwamba bia za aina hiyo hutiwa maua fulani machungu, na kwamba ile yangu ndiyo ya upole kuliko zote, na kwamba wanaojua huilaumu kwa kuwa haina uchungu wa kutosha. Waniache.) Uso wangu ulijikunja wenyewe bila ruhusa yangu. Nusu ya lile funda ikaenda chini na nusu ikatafuta njia ya pua, nikakohoa, nikapiga chafya, machozi yakanitoka, na nilipofungua macho wazee wote walikuwa wamesukuma bilauri zao mbali.

"Mnaona," akasema Mzee Nzioka taratibu, "pombe ya mtu inamkataa mwenyewe."

Mzee mmoja akauliza kama ni chungu. Nilitikisa kichwa kusema si chungu, huku machozi yakinichuruzika, na nafikiri hicho ndicho kitu kilichowatisha zaidi. Kwetu pombe chungu si suala la ladha, ni la sumu. Mtu mmoja akaanza kuvaa kofia yake aende. Niliwaona mbuzi wangu watatu wakirudi Masinga, na mimi nyuma pamoja nao.

Anko Kimeu akanikanyaga chini ya meza. "Kunywa," akaninong'oneza bila kusogeza midomo. "Kunywa yote, na ucheke."

Basi nikanywa yote, na nikacheka. Hebu jaribuni siku moja kucheka huku mnakunywa mwarobaini. Nilipomaliza nikaugeuza mkebe juu chini waone hauna kitu, nikajipangusa mdomo, nikasema, "Tamu."

Mzee Nzioka hakushawishika. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Hiyo moja inaweza kuwa ndiyo ulijua ni nzuri," akasema. "Wacha nikuchagulie." Akainama, akapekua katoni ya chini kabisa, akatoa mkebe kutoka pembeni. Nikanywa. Kisha mzee yule mwenye kofia akasema na katoni ile nyingine je, haki ni haki, akachagua yeye. Nikanywa na huo.

Na sasa nawaambia kitu cha ajabu. Ule wa tatu uliteremka. Yule msichana wa aproni hakuwa mwongo kabisa. Niliyasikia machungwa, nikaisikia embe, na zaidi ya hayo nikasikia kwamba magoti yangu yamekuwa ya mtu mwingine, mtu mzuri sana, na kwamba veranda ile ilikuwa imejaa watu ninaowapenda. Niliipenda tai ya Mzee Mutiso. Niliupenda ule ukavu wa Mzee Nzioka. Tumbo tupu, mtu hajawahi kunywa hata divai ya kanisa, mikebe mitatu mfululizo, mlitarajia nini?

Wazee walipoona sijaanguka, wakavuta bilauri zao. Wakaonja. Mmoja akasema haina nguvu, ni kama maji ya kuoshea bia, mwingine akasema basi aongezewe. Mzee Nzioka ndiye aliyevaa miwani yake na kuanza kusoma mkebe, kuanzia twiga kwenda chini, mpaka akafika kwenye maandishi madogo kama chawa karibu na ukingo. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akacheka kidogo kupitia puani.

"Kijana, umesema vijana wawili na sufuria?"

"Wawili, mzee. Kwa gereji."

"Hii anwani mimi naijua. Nimeingia kwa hii geti na lori miaka yangu yote. Hii ni ile kampuni kubwa, ile ile ya bia ya kila siku. Wale vijana walinunuliwa, ama hawakuwahi kuwako. Hii ni yule yule amebadilisha shati."

Wote wakanitazama. Mtu mwenye akili zake angeinamisha kichwa. Mimi nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, kwa sababu ghafla niliona jambo ambalo kwa mtu wa mikebe mitatu lilikuwa kubwa kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, na nikaona lazima wote walijue.

"Mzee," nikasema, "hata mimi ni hivyo hivyo. Hata mimi nimeandikwa vingine kwa nje. Mimi sinywi. Sijawahi kunywa. Hii ya leo ndiyo ya kwanza kwa maisha yangu. Nimewadanganya wote, na kulikuwa na kaluvu ya shangazi, nzuri, ya asali, nikaikataa kwa sababu ya vigae."

"Vigae gani?" akauliza Mzee Mutiso. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile povu.

"Hivi," nikasema, nikavionyesha, na nikaona uchungu kwa ajili ya vigae vile, ambavyo havikuwa vimenikosea.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona. Lakini ukishaanza kutubu huwa ni vigumu kuacha, ni kitu kitamu, na wakati huohuo mlango ukafunguka akatoka Mama Mwende na sinia la chapati. Ameinamisha macho, anapita kando ya ukuta, mbali nami, kama inavyotakiwa. Kwa sababu sisi tuna nthoni. Mama mkwe humshiki mkono. Humkaribii. Ukimwona njiani mmoja wenu anaingia kichakani, na hata salamu mnatumiana kupitia mtu mwingine. Hayo nayajua tangu nikiwa mdogo, nimemwona baba yangu akikaa nyuma ya ghala nusu saa akisubiri nyanya yangu mzaa mama apite.

Mimi nikamwendea mikono wazi. Nikamkumbatia Mama Mwende pamoja na sinia lake. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, mimi si wa wikendi."

Sinia likalia kwenye vile vigae. Chapati moja ikabingirika ikashuka ngazi, ikaenda mpaka kwa mbuzi. Ndani ya nyumba wanawake walisema "Aiya" kwa pamoja, chini kwa chini, kama kwaya. Mama Mwende alijitoa mikononi mwangu, akajifunika uso wote kwa leso, akakimbia (mwanamke mzito, mstahiki, mweka hazina wa akina mama wa kanisani) akajificha nyuma ya tangi la maji. Miguu yake ilionekana. Tuliitazama ile miguu sote, na pombe ikanitoka kichwani yote kwa mara moja, ila magoti ndiyo yaliyobaki nayo.

Wazee walinikalia kikao pale pale. Anko Kimeu aliomba msamaha kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na mwishoni kwa Kiingereza kwa heshima ya mwalimu. Ikakatwa faini: mbuzi wa nne, jike, wa kumtoa mama nyuma ya tangi. Halafu Mzee Nzioka akasema mbuzi ni wa nthoni tu, si wa uongo, na kuhusu uongo hakuna faini inayotosha, hilo ni la msichana mwenyewe. Wakamwita.

Mwende akatoka. Nguo yake ilikuwa ya kijani na sikuweza kumtazama juu ya pindo. Nilikuwa nikimfikiria kaka yake. Nilikuwa nikifikiria kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wenye vigae hawakuwa nacho, na nimekimwaga chini mchana mmoja ili nionekane kama wao. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile mashine ya kukata ilipochukua ncha ya glavu yangu.

"Mwende," akasema baba yake, "wazee wanauliza. Huyu mtu aliyekuja hapa leo unamjua? Tupokee mbuzi zake ama tumrudishie?"

Mimi nilihesabu vigae, nikapotea, nikaanza tena.

"Baba," akasema, "huyo amesema anakunywa wikendi, huyo simjui. Hajawahi kuja kwetu na sitaki aje." Akaninyooshea kidole. "Lakini huyu ameangushwa na mikebe tatu ya maji ya kuoshea bia, huyu namjua. Huyu ndiye nilileta. Pokeeni mbuzi."

Mzee Nzioka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kama lori linalokataa kuwaka, kisha likawaka, na wengine wote wakafuata, hata Mzee Mutiso na tai yake iliyolowa, na kutoka nyuma ya tangi nilisikia kicheko kingine kilichozibwa na leso. Mimi sikucheka. Mimi nililia, nawaambieni wazi, nikiwa nimekaa chini kwenye kigae, na Mwende akapita karibu yangu akaninong'oneza, "Kesho utaniambia kwa nini ulidanganya. Leo kula chapati."

Nilimwambia kesho yake, na haikuwa rahisi, na hayo ni ya kwetu wawili. Ila tumeoana, na mbuzi wa nne nilimpeleka wiki iliyofuata, mnono, nikiwa peke yangu, nimetulia, nimeshiba.

Na tangu hapo kitu ambacho sijakionja mwenyewe simpelekei mtu, hata kama ni maziwa. Nikifika mahali popote nikaulizwa nitakunywa nini, kazini, matangani, kwa wakubwa au kwa wadogo, sijipangi wala sitafuti uso wa kuvaa. Ninasema chai, tena ninaisema kwa sauti, kama mtu aliyelipa mbuzi mzima ili apate ruhusa ya kusema hivyo.